Yasini ya Mfaume

Hapo zamani, ambayo kwangu ni kama juzi, Ijumaa ya tarehe kumi na nne Novemba, saa tatu asubuhi, mama yangu Bi Somoe aliweka chini kikombe chake cha uji akasema, "Sitaumaliza mwezi huu. Nipelekeni kwa Mfaume."

Mfaume alikuwa mwanawe wa kwanza. Alizaliwa gengeni, katika kambi ya wafanyakazi wa reli ya kusafirishia karanga, ambako baba yetu alikuwa akikagua njia. Aliishi siku arobaini na moja, akazikwa nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata reli ilifungwa, vyuma vikang'olewa, watu wakahama. Miti ikaota. Wanakijiji wakaitunza, ikawa Msitu wa Gengeni, wenye kamati, mlinzi na sheria.

Sheria moja ilikuwa hii. Mvua za kwanza zikinyesha, ndege hondohondo jike huingia katika tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, akaacha ufa mdogo tu. Dume humlisha kupitia ufa huo. Dume akitishwa akakimbia, jike na makinda hufa njaa. Kwa hiyo msitu hufungwa mpaka makinda watoke, na haingii mtu ila mlinzi. Aliyesimama mkutanoni akasema, "Hata mama yake mwenyekiti asiingie," alikuwa mama yangu.

Macho yake sasa yalikuwa hayaoni. Akasema, "Nataka nimsomee mwanangu Yasini kaburini pake, kwa mdomo wangu. Kila mwaka nilisema mwakani. Atakayenifikisha, taa ya reli ya baba yenu ni yake."

Taa hiyo, yenye kioo chekundu na cha kijani, ndiyo kitu pekee baba alichotuachia.

Tukamwita Mshamu, mlinzi wa msitu. Akainamisha kichwa. "Bi Somoe ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nikimfungulia yeye, kesho nitamfungia nani?"

Mwanangu Shaibu, mfyatua matofali, akamwambia, "Kaka Mshamu, huyo hondohondo umemuoa?"

"Mke wangu nikimfungia hivyo ataniachia watoto. Huyu kajifungia mwenyewe. Subirini Machi."

"Bibi hana Machi," akasema Shaibu.

Jumapili asubuhi Shaibu akambeba bibi yake mgongoni. Dada yangu Esha akachukua maji. Mimi, kwa mguu wangu huu mbovu, nilibaki. Shaibu alitembea juu ya tuta la reli, akapumzika. Akatembea, akapumzika. Mama akauliza, "Tumefika?" "Bado, bibi." Akatembea, akapumzika. "Tumefika?" "Bado, bibi."

Wakafika penye kamba ya kufungia msitu, yenye kitambaa chekundu. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya kamba, hatua kama mia mbili. Shaibu akainua mguu avuke. Esha akamshika shati, akamnong'oneza, "Ukivuka, umemvunjia bibi yako neno lake."

"Na tukirudi, shangazi?"

Mama akauliza tena, "Tumefika?"

Esha akasema, "Tumefika, mama."

Wakamketisha palepale tutani. Mama akapapasa chini, akakuta kokoto za reli. "Mawe ya mwanangu yamekuwa makali," akasema. Kisha akasoma Yasini yote kwa moyo, taratibu, bila kuruka aya. Akaweka mkono juu ya kokoto. "Basi," akasema. "Nirudisheni."

Jumatano alfajiri alifariki.

Baada ya hitima niliiweka taa mkekani, mbele ya watu.

Shaibu akasema, "Mgongo huu ndio uliombeba. Nyie mlikuwa mkijadili, mimi nilikuwa nikitembea. Bila mimi angefia kitandani."

Esha akasema, "Ulimfikisha kwenye kamba. Moyo wake nimeufikisha mimi. Na neno lile la 'Tumefika' nitaulizwa mimi Siku ya Kiyama, si wewe."

Mshamu alikuwa amekaa karibu na mlango. Akakohoa. "Jumapili ile nilikuwa ndani, nakagua matundu. Nilisikia sauti ya Bi Somoe. Nikaenda kaburini, nikang'oa magugu, nikaketi. Kila aya aliyoisoma kule, niliisoma pale. Alikotaka ifike, ilifika."

"Ulitusikia, ukanyamaza?" akauliza Esha.

"Ningetokea, ningelazimika kusema hamjafika."

Shaibu akacheka kidogo, bila furaha. "Mwenye kufunga mlango naye anadai ujira wa kufikisha."

"Kama si kufunga," akasema Mshamu, "kaburi hilo leo lingekuwa chini ya shamba la ufuta, na bibi yako asingekuwa na pa kupelekwa."

Watu walitazama taa, wakanitazama mimi. Nilitamani mama angekuwapo, aamue mwenyewe.

Taa bado iko kwangu. Shaibu alimbeba, lakini hakuvuka. Esha alimtuliza, lakini kwa uongo. Mshamu alisoma mahali penyewe, lakini ndiye aliyemzuia. Nawauliza ninyi mliosikia, nami nitafuata mtakalosema: je, nani alimfikisha mama kwa mwanawe?

Na mkiwa mnafikiri, itikieni dua. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yangu Somoe, amkutanishe na Mfaume wake, na azipokee Yasini zote mbili. Amina.