Nani Asimame na Navoneiwa

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzi tu, mihuri ilipokuwa bado ikipulizwa kwa mdomo kabla ya kugongwa, aliishi katika milima ya Upare mjane mmoja, Navoneiwa, ambaye hofu yake ilikaa kooni. Si moyoni kama za watu wengine. Kooni. Nyumbani alisema, shambani alisema, sokoni alivutana bei mpaka muuza dagaa akamwomba radhi. Lakini akisimama mbele ya mtu mwenye meza, faili na kalamu mbili mfukoni, sauti ilimkimbia.

Na sasa aliihitaji. Shemeji yake, Zihirwani, alikuwa amedai shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe. Kaburi la mume huyo lilikuwa humo, na chakula cha Navoneiwa kilitoka humo. Baraza la kata likamwita mara ya kwanza: akasimama, akafungua mdomo, akakaa. Likamwita mara ya pili: akasimama, akafungua mdomo, akakaa. Katibu akaandika, "Mjane amehudhuria kimya." Baraza lile lilikuwa limejitungia kanuni yake, kwamba anayeshindwa kujieleza mara ya tatu amekubali. Mama mkwe wake alijitolea kumsemea. Akajibiwa kuwa, kwa kuwa amemzaa marehemu na amemzaa Zihirwani, yeye ni jamaa wa pande zote mbili, na kwa hiyo hakuna upande unaomhusu.

Zikabaki wiki mbili. Navoneiwa hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alikwenda kisimani na ndoo iliyojaa. Akaketi, akasimama, akasimama, akaketi.

Mama mkwe huyo, Bibi Nakiete, alimvumilia siku tatu. Siku ya nne akamshika bega, akamkalisha kwenye kigoda, akamfundisha sala ambayo yeye mwenyewe aliitumia tangu alipozika mtoto. Ukivuta pumzi, sema moyoni: Bwana, upo. Ukiitoa, sema: nami nipo.

Navoneiwa akauliza kama hiyo ndiyo sala nzima.

"Mwanangu," alisema Bibi Nakiete, "Mungu hajaomba risala."

Basi wakavuta, wakatoa. Asubuhi kabla ya chai, mchana kabla ya jembe, jioni kabla ya kufunga mbuzi. Navoneiwa alitaka kujua ni mara ngapi kwa siku. Akaambiwa anayehesabu haombi, anahesabu.

Bado miguu ilimwasha. Akaenda kwa mwinjilisti Elirehema, ambaye kabla ya kuitwa na Bwana kuhubiri alikuwa karani wa boma miaka ishirini. Kazi ilimwacha, yeye hakuiacha. Huyo alimwagiza aandike kila hofu kwenye karatasi yake, aisome kwa sauti mbele za Mungu, kisha aitie katika kikapu cha maombi chini ya madhabahu. Mwinjilisti akazipa namba. Hofu ya kwanza: kikohozi cha mwenyekiti. Hofu ya pili: katibu anapouliza mwaka wa kuzaliwa. Hofu ya tatu: kuchekwa na watu wa dirishani. Zikafika kumi na moja, na chini ya kila moja wakasema wote wawili, "Pokea, Bwana."

"Ukishakabidhi, si yako tena," alimwambia. "Faili limehama ofisi. Na ofisi ile haikwambii njoo kesho."

Siku ikafika. Navoneiwa alipanda mlima akivuta, akitoa. Safari mbili za kwanza alifika na viganja vimelowa; safari hii vilikuwa vikavu. Mwenyekiti akakohoa, na kikohozi kikampita kama mbuzi wa jirani. Katibu akauliza mwaka wa kuzaliwa, akautaja. Watu wa dirishani wakacheka, wakachoka.

Ndipo akainua macho, akamwona Zihirwani amevaa koti la marehemu.

Hofu hiyo haikuwamo kikapuni. Pumzi iliingia, haikutoka. Mwenyekiti akatazama saa. Katibu akaandika "Mjane ame", akasubiri kwa adabu kumalizia.

Kwenye benchi la Zihirwani alikuwapo mkewe, Nangasu. Mwanamke huyo akafumba macho na kuanza Baba Yetu kwa sauti. Sasa, kwa Walutheri wa milima ile, sala hiyo ikianzwa haketi mtu. Mwenyekiti akasimama, akavua kofia. Katibu akasimama na kalamu yake. Zihirwani akasimama ndani ya koti. Angefanyaje, naye ni mzee wa kanisa? Wote wakaitikia, na Navoneiwa akaitikia nao, maana mdomo wake uliijua njia hiyo tangu utotoni. Wakafika kwenye Amina. Wenzake wakaketi. Yeye akabaki amesimama, sauti iko nje, na kabla haijapata nafasi ya kurudi akasema, "Shamba lile tulilipanda watu wawili, na mipaka yake ni hii."

Alisema saa nzima. Katibu aliandika kwamba mjane alianza kwa sala na kuendelea kwa ushahidi, na mpaka kati ya viwili hivyo haukuonekana. Shamba likabaki lake.

Ikaja ibada ya shukrani. Kwao, aliyevushwa katika shida husimama mbele ya usharika na mtu aliyemshika mkono, na tangu siku hiyo mtu huyo ni ndugu wa nyumba, haachwi na msiba wala hasahauliwi na sherehe. Karani wa usharika akatoa fomu. Nafasi za mihuri zilikuwa tatu. Nafasi ya mtu ilikuwa moja.

Bibi Nakiete akasema, "Miguu yako ilitaka kurudi nyumbani, pumzi ndiyo iliyoifikisha. Na kwa ajili yako nilisimama kinyume cha mwana niliyemzaa."

Mwinjilisti Elirehema akasema, "Nilipokea hofu kumi na moja, haikurudi hata moja. Ya kumi na mbili nisiulizwe, haikuletwa."

Nangasu hakuja kusema lolote. Navoneiwa akamfuata, akamkuta jikoni anamenya ndizi. Mumewe alikuwa hajala chakula chake wala kumsemesha tangu siku ya baraza, na wake wa ukoo walipita mlangoni pake kama maji, bila kumwamkia.

"Usiandike uongo, Navoneiwa," alisema. "Sikukuombea wewe. Nilimwona mume wangu ndani ya koti la maiti, nikaiogopea nyumba yangu. Nilijiombea mwenyewe." Akamenya ndizi nyingine. "Lakini ukiniandika, nitapata mtu wa kuniamkia."

Navoneiwa akarudi nyumbani na fomu. Akaketi, akasimama, akasimama, akaketi. Karani amesema hapokei jina la pili, wala la pembeni, wala lililobanwa kwa herufi ndogo.

Haya, ninyi mliokaa mkitikisa vichwa, ishikeni kalamu yeye apumzike. Bibi alimfundisha kupumua, mwinjilisti akamtua mzigo, na yule wa tatu alijiombea mwenyewe, akajibiwa jirani yake. Je, ni nani aliyestahili kusimama na Navoneiwa?