Filimbi ya Kocha Nyagawa

Sikilizeni kwa makini, maana mwishoni mtaulizwa ninyi, na sitaki jibu la haraka.

Chuo kimoja cha ualimu huko Njombe kilikuwa na kocha, Mwalimu Lazaro Nyagawa. Aliifundisha timu ya chuo miaka kumi na tisa, akafika fainali ya vyuo mara nne, na mara zote nne akarudi mikono mitupu. Watu watatu walikuwa karibu naye. Mkewe, Semkiwa, alikuwa na kipaji cha kusimulia: akitoka sokoni, wewe uliyebaki nyumbani ungeliona kila fungu la viazi. Nahodha wake, Kastuli, alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Mdogo wake, Fidelisi, karani wa chuo, aliweza kuiga mwandiko wa mtu yeyote.

Mwezi Machi, msimu wa ishirini ulipoanza, kocha aligonga mlingoti wa goli kwa paji la uso.

"Ukungu umezidi mwaka huu," alisema. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka.

Jioni aliwaita wote watatu. "Macho yananiondoka. Mkuu wa chuo akijua, ataniachisha kazi kesho. Nipeni msimu huu mmoja tu. Hospitali nitakwenda baada ya kombe."

Wakakubali.

Semkiwa aliacha shamba la viazi liote magugu, akakaa benchini kila mechi akifuma sweta. Mikono ikifuma, mdomo ulinong'ona: "Namba saba amechoka, anashika kiuno. Beki wao wa kushoto anaogopa mipira ya juu." Wachezaji wa akiba walitaniana, "Mama kocha naye, umbea hadi uwanjani!"

Kastuli alitaja jina la kila aliyegusa mpira, dakika zote tisini, ili kocha ajue mpira uko wapi. Wapinzani walimcheka: "Wewe ni nahodha au mwalimu wa zamu unaita mahudhurio?" Mtu wa timu kubwa ya mjini alikuja kumtazama, akaondoka akisema hamtaki mchezaji mwenye kelele.

Fidelisi aliandika orodha za wachezaji na ripoti zote kwa mwandiko wa kaka yake, akasaini. Msimu ulipokwisha ikagundulika, akafukuzwa kazi.

Timu ilishinda fainali, bao moja kwa bila. Mgeni rasmi alipomkabidhi kombe, kocha alinyoosha mikono pembeni, akashika hewa.

Hospitalini daktari alimpima, kisha akawageukia wale watatu. "Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Mngemleta Machi, ningemwokolea walau jicho moja."

Kocha aliishi gizani miaka sita. Siku aliyofariki alisema, "Filimbi yangu apewe aliyekuwa macho yangu." Hakutaja jina.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu walikaa kugawa vitu vya marehemu. Koti na redio vilipita bila maneno. Ilipofika filimbi, shemeji mmoja akasema, "Apewe Semkiwa. Bila masimulizi yake, kocha angempanga nani?"

"Semkiwa alikuwa benchini," mwingine akadakia. "Kastuli ndiye aliyekuwa ndani, akiufuata mpira."

"Na bila Fidelisi wangecheza mechi ngapi? Moja!"

Ndipo Tulia, binti wa marehemu, akazungumza. "Mama, baba mdogo, kaka Kastuli. Mkigawa filimbi, gaweni na giza. Kila mmoja wenu angeweza kumfikisha hospitali Machi ile ile, kwa kumwambia mkuu wa chuo neno moja tu."

"Mwanangu, aliniomba," Semkiwa akasema.

"Najua, mama. Aliwaomba wote."

Tangu siku hiyo filimbi inaning'inia kwenye msumari sebuleni. Kamba yake imeoza. Watatu hao bado wanatembeleana, na kila mmoja huketi akiupa mgongo ukuta ule.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Marehemu aliagiza, na lazima mmoja aichukue. Wewe ungemvisha nani shingoni, na ungemwambia ni zawadi, au ni nini?