Elikana Aliyeona Aibu Kuomba

Mwinjilisti mmoja alikuwa na waumini ishirini na mmoja, na hakuwa na paa. Jina lake Elikana. Alikuwa ametumwa kufungua kanisa katika kitongoji kipya kando ya machimbo ya mawe, mahali ambapo watu huamka na nyundo na kulala na vumbi. Jumapili walikuwa wakisali kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, na mvua ya upepo ikija, ibada iliishia hapo.

Elikana aliona aibu kuomba. Kabla ya kuitwa alikuwa fundi cherehani, mtu wa kula jasho lake. Hata hivyo alivaa koti lake moja akaenda mjini kwa Bwana Lugoye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mara ya kwanza aliongea habari za mvua na mahindi, akaaga bila kusema kilichompeleka. Mara ya pili alieleza haja yake, macho yakiwa chini. Lugoye alimsikiliza hadi mwisho. Hakumfukuza wala hakumpa kitu. Alimuuliza tu, kwa upole, waumini wenyewe walikuwa wametoa nini.

Elikana hakuwa amewaomba kitu. Njia nzima ya kurudi alijitetea moyoni. Angewaombaje? Wengine walikuwa wakilala kwenye vibanda vya maturubai. Mama Bukuru alikuwa akiponda kokoto tangu mumewe afariki, na watoto wanne walisubiri kula kutokana na nyundo yake. Kumwomba mtu kama huyo, aliona, ni ukatili.

Lakini swali lile halikumwacha. Jumapili akasimama mbele yao akaeleza yote, hata ile safari ya kwanza aliyorudi mikono mitupu kwa woga wake mwenyewe. Kisha Mama Bukuru akainuka, vidole vyake vimefungwa vitambaa, uso wake hauna tabasamu.

“Mwinjilisti,” akasema, “ulituhurumia, ukatunyima.”

Akaketi. Miezi yote ile Elikana alikuwa amewahubiria kwamba wao ni wana wa nyumba, na yeye mwenyewe akawatendea kama wageni.

Jumatatu jioni Mama Bukuru alimwaga ndoo mbili za kokoto kwenye kiwanja cha kanisa. Kesho yake wengine wakaleta zao. Vijana wakabeba mawe makubwa, akina mama wakateka maji ya kukandia udongo, na mzee mmoja mgonjwa wa kifua, ambaye hakuweza kuinua hata jiwe, akaja kukaa pale kufukuza mbuzi. Haikupita miezi miwili, msingi ukawa umesimama.

Elikana akarudi mjini mara ya tatu, na safari hii hakuangalia chini. Hakwenda tena kuwaombea maskini. Alikwenda kumwalika mwenzake katika kazi iliyokwisha kuanza. Lugoye akaja mwenyewe kuona. Aliuzunguka msingi ule, akainama akaokota kokoto moja. Wiki iliyofuata lori likashusha saruji, mbao na mabati.

Mabati hayakutosha. Mpaka leo nusu ya kanisa hilo ina bati na nusu ina mbingu, na mvua ikinyesha watu husogeleana upande mmoja na kuendelea kuimba. Sasa wamepita sitini. Jumapili nyingine Lugoye naye huwa katikati yao, amebanwa kwenye benchi kama wengine.

Basi wewe unayekwenda kuwaomba watu kwa ajili ya nyumba ya Mungu, ni mlango wa nani unaoupita, ukidhani unamhurumia?