Boila Lisilokatiwa Bima

Mgeni haogi maji ya kesho. Mmemsikia babu yenu akimwambia hivyo fundi wa paa, mkacheka, na sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Umetoka kwenye ile nyumba yetu ya juu, na aliyesababisha utamkwe ni mimi bibi yenu. Methali hii ilianza hivi.

Nyumba ile tunayowapangisha wageni wa likizo ilikuwa na boila kuukuu la kuchemshia maji. Mnaijua baridi ya Lushoto mwezi wa saba. Bila maji ya moto hakai mgeni. Siku moja akaja wakala wa bima. Alieleza vizuri tu: mkilikatia boila bima ya kuharibika, siku likigoma fundi atafika siku hiyo hiyo na vipuri vyake. Msipokata, mtasubiri vipuri kutoka Dar es Salaam kama watu wengine.

Babu yenu alikuwa ameshashika kalamu. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Baba Nuru, unasaini boila letu liharibike?" nikamwambia. "Usitutilie uchuro. Sanda hainunuliwi mgonjwa angali anakula."

"Ni karatasi tu, Mama Nuru."

"Karatasi ndizo zinazoita mambo. Miaka kumi na miwili hiyo, halijakohoa hata siku moja."

Ninyi wa leo mtaniona mjinga, lakini sisi tulifunzwa kutolitaja baya kabla halijafika. Hata nguo za mtoto hatukuzishona kabla hajazaliwa. Babu yenu anapenda amani nyumbani mwake, akaiweka kalamu chini. Wakala akamaliza chai yake akaenda zake, nami nikajiona nimeiokoa nyumba.

Basi kila mwezi wa saba walikuwa wakija Mwalimu Mbaruku na mkewe, Bi. Tatu, kutoka Pangani. Wote wawili walianza kazi ya ualimu huku wangali vijana, katika ile shule iliyo ng'ambo ya bonde. Mwaka ule Bi. Tatu alikuja amekonda, baridi yabisi imemkaza magoti hata ngazi tatu za baraza zikamshinda. Daktari alikuwa amemkataza kupanda mlimani. Akaniambia huku anacheka kwamba alimbembeleza mumewe mwezi mzima, kwa kuwa alitaka wiki moja tu ya kuketi barazani na kuitazama shule yao. Kilichomlegeza viungo ni kimoja: kujilaza ndani ya hodhi la maji ya moto, asubuhi na jioni.

Siku ya pili boila likagoma. Fundi wa mjini akalifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri kitachukua siku nne. Nikawasha kuni. Ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu, moto ukawa moshi mtupu. Nilipomimina sufuria la nane ndani ya hodhi, maji ya la kwanza yalikuwa yameshapoa. Bi. Tatu akaoga hivyo hivyo, akatoka anatetemeka, wala hakulalamika. Kulipokucha hakuweza kukunja hata vidole.

Mwalimu akaanza kufunga mabegi. Nikasimama mlangoni.

"Mwalimu, vumilieni kidogo. Kipuri kiko njiani. Maji yatapatikana."

Hakupandisha sauti. "Mama Nuru, mgeni haogi maji ya kesho."

Bi. Tatu akanigusa shavu kwa vile vidole vyake vilivyokakamaa. "Usijisumbue, mdogo wangu. Tutarudi mwakani, nije niione shule yangu."

Maana hakuwa ameiona. Siku zile zote bonde lilijaa ukungu. Siku kipuri kilipofika, boila likanguruma, na mchana ule ule ukungu ukafunguka, shule ikaonekana hadi bendera yake. Nililijaza hodhi maji ya moto peke yangu, sijui kwa nini, nikakaa ukingoni mwake nikalia.

Mwezi wa kumi Mwalimu alipiga simu kutuarifu kwamba Bi. Tatu amefariki. Tulikwenda Pangani kumzika. Nikamweleza Mwalimu habari za wakala na ile kalamu, nikamwomba radhi.

"Ulikwisha samehewa," akanijibu. "Alikutetea njia nzima, tangu Lushoto hadi nyumbani."

Afadhali angenilaumu.

Tulikata bima juma lile lile, na kila mwaka mimi ndiye ninayesaini wa kwanza. Boila halijagoma tena. Maji ni ya moto usiku na mchana, na wageni wanayasifu. Lakini yule niliyemdai subira hakuwa na kesho ya kunipa, na mimi sikumuuliza. Mgeni, wajukuu zangu, haogi maji ya kesho.