Kwa Nini Kikombe cha Kileo Kikali ni Kidogo

Shauri la Kuteua Kileo Laini cha Kumkaribishia Marehemu Mwenye Ruhusa ya Asubuhi Moja. Ndivyo jambo lilivyoitwa rasmi, na mpiga mbiu alipokwenda kulitangaza vilimani ilimbidi avute pumzi mara mbili katikati ya jina. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walimsikiliza mpaka mwisho, wakatazamana, wakasema, "Kumbe mume wa Mama Kaiza anakuja."

Enzi hizo mambo hayakuwa kama yalivyo leo. Nchi ya vilima ilikuwa bado mbichi, na waliokufa hawakwenda mbali. Walihamia ng'ambo ya bonde, ndani ya ukungu, wakaishi humo bila uzito. Aliyeamka mapema aliweza kusikia majembe yao yakilima kitu kisicho udongo, na jogoo wao akiwika kwa sauti iliyofifia, kama aliyefunikwa na blanketi. Hakuna aliyeogopa. Kila marehemu, zamu yake ikifika, alipewa ruhusa ya kurudi nyumbani asubuhi moja tu. Alivuka bonde pamoja na ukungu, akakaa na watu wake mpaka jua lilipounyanyua, naye akaondoka nao.

Shida ya wageni wale ilikuwa pumzi. Marehemu hakuwa na pumzi nyingi. Alikuwa na ile moja aliyoikata siku ya kufa, ndiyo aliyoruhusiwa kuja nayo. Akikohoa imekwisha, anapeperuka kama jivu. Na desturi ilitaka apokewe kwa kileo. Si ile pombe ya ndizi ya kila siku, inayonywewa kwa mrija huku watu wakisengenyana, bali ile iliyorudishwa motoni ikapikwa upya, mvuke wake ukanaswa, ukadondoka tone baada ya tone, mweupe kama maji ya chemchemi. Wenyewe waliiita moshi. Enzi hizo moshi ulinywewa kama maji: kibuyu kizima, kichwa nyuma, mkupuo mmoja. Hivyo marehemu wengi walipokewa kwa heshima zote, wakapiga mkupuo, wakakohoa, wakatoweka kabla hawajaulizwa habari za huko.

Mama Kaiza hakutaka hilo limpate mumewe, na alikuwa na sababu yake.

Rwechungura, mumewe, alikuwa msimulizi wa taratibu. Hakuweza kukwambia kuwa mvua inanyesha bila kuanza na wingu lilikotoka. Jioni ya mwisho ya maisha yake alikuwa akimsimulia mkewe habari za beberu aliyeingia barazani kwa Mkama, mtawala wa vilima, shauri likiwa katikati. Alisimulia beberu alivyopenya baina ya walinzi, alivyokanyaga jamvi la wazee, alivyokwenda kusimama mbele ya Katikiro, mkuu wa baraza lile. "Wazee wote kimya," alisema. "Beberu akamtazama Katikiro. Akafungua mdomo..." Hapo Rwechungura akaanza kucheka peke yake, akainua kidole kumaanisha subiri, akafa.

Mama Kaiza akasubiri. Alizika, akalia, akaanua matanga, akamwoza mwanawe Kaiza, akapokea wajukuu. Na muda wote huo, akimenya ndizi au akitandaza nyasi shambani, swali lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki: beberu alisema nini? Aliwahi kumwuliza mzee mmoja wa baraza. Akajibiwa kwamba mambo ya baraza ni siri ya baraza. Wakati mwingine alikaa kizingitini alfajiri, akautazama ukungu ulivyojilaza bondeni kama ng'ombe mweupe, akasema taratibu, "Baba Kaiza, nami nasubiri." Ukungu ulitikisika kidogo.

Zamani kila nyumba ilijichagulia kileo chake. Lakini Katikiro Tibangayuka, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kutangulia tumbo, aliona kuwa jambo zito kiasi hicho halifai kuachiwa wenye msiba. Akaunda jopo la wazee. Kila nyumba ikaagizwa kuleta kibuyu cha moshi wake bora, jopo lionje, liteue kilicho laini kuliko vyote, na mgeni apewe hicho. Vibuyu vikaja kutoka vilima vyote, vikasimamishwa kando ya ukuta wa matete, vikapendeza kama bibi harusi na mashoga zake.

Mama Kaiza alipeleka cha kwake na kusimama kidogo uani. Wazee walikuwa wameketi. Pembeni, juu ya jamvi lake mwenyewe, alilala beberu mkongwe mwenye ndevu za kijivu. Alikuwa pale barazani miaka na miaka, akiletewa majani kabla ya kikao kama wajumbe wengine walivyoletewa kahawa ya kutafuna, na hakuna aliyekumbuka alikujaje. Mama Kaiza akamkazia macho. Beberu naye akamkazia macho, akacheua.

Jopo lilikuwa na taratibu zake. Uamuzi ulitakiwa kuwa wa wote. Mjumbe akichelewa, kuonja kulianza upya kutoka kibuyu cha kwanza, maana si haki mtu kuamua juu ya asichokionja. Na kwa kuwa ukali una tabia ya kujificha chini, kibuyu hakikuhesabiwa kuwa kimeonjwa mpaka kitako chake kionekane.

"Hiki kinakwaruza mwanzoni," alisema mzee mmoja.

"Mwanzoni si hoja," Katikiro akamjibu. "Tumuulize mwishoni."

Wakamuuliza mwishoni. Kufika hapo alikuwa amesahau alichosema, ikabidi wajumbe wamkumbushe kwa kurudia.

Kibuyu kimoja tu kilipata sifa bila mjadala. Kilitoka nyumbani kwa Katikiro. Kilikuwa kikali kiasi kwamba mzee wa kwanza kukionja alitoa machozi, akasema ni machozi ya furaha. Wa pili akakisifu zaidi. Wa tatu akasema hajapata kuona kitu kama hicho, na alisema kweli. Wote walikisifu, na hakuna aliyekirudia.

Siku ya mwisho, jua likiwa linaegemea mlima, Mama Kaiza alikuja hadi kwenye uzio.

"Waitu Katikiro, bwana wangu, nisamehe. Kimeshapatikana?"

"Mama, una haraka ya nini? Kazi inakwenda kwa umakini mkubwa."

"Ukungu unapanda naye kesho, waitu."

"Upande tu!" akadakia mzee mmoja aliyelala chali. "Sisi tumeshapanda!" Wakacheka, mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda, akaendelea kucheka akiwa chini. Beberu peke yake hakucheka.

Alfajiri yake Mama Kaiza alirudi kuchukua kileo cha mgeni wake. Jopo lilikuwa limelala. Vibuyu vilitapakaa uani, vinywa wazi, kama vifaranga walioshiba. Kilichokuwa bado kimesimama ni kile cha Katikiro. Inaonekana vyote vilipokwisha wazee walifumba macho wakakiendea na hicho. Mama Kaiza akakitikisa. Ndani kikasema kitu kidogo sana. Akakimimina kwenye kifuniko chake, kifuniko kisichozidi ganda la yai, na hakikujaa. Akagusa tone kwa ulimi. Likamchoma mpaka masikioni.

Alitaka kupiga kelele, lakini ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba ya kwanza. Akaenda nao nyumbani, kifuniko amekishika kwa mikono miwili, akitembea kama mtu anayebeba yai la ndege asiyemjua.

Rwechungura alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake. Kigoda hakikulia chini yake. Alikuwa vilevile, ila rangi zake zilikuwa zimepoa, na nyusi zake zilikuwa na umande. Migomba ilisimama nyuma yake bila mashina, majani matupu yakielea, na sauti za kijiji zilisikika kama zinatoka chini ya maji.

"Mama Kaiza."

"Baba Kaiza. Za huko?"

"Tunalima tu. Havioti."

Akapokea kifuniko kama desturi ilivyomfundisha, akarudisha kichwa nyuma. Mama Kaiza akamdaka kiganja. Kilikuwa baridi kama jani la mgomba asubuhi.

"Usinywe!"

"Nisinywe? Mwanamke, nimevuka bonde zima nisinywe?"

"Utakohoa uniache. Hiki kimetoka kwa Katikiro."

Rwechungura akakitazama kwa hofu mpya.

Mama Kaiza hakuwa na mpango wowote. Alichukua tone moja, kwa kuwa halikuwepo la kupoteza, akaliweka kinywani, akafunga mdomo, akatulia. Likauma. Akaliacha liume. Likazunguka mdomoni likitafuta mtu wa kugombana naye, halikumpata, likachoka. Kisha likapata joto la ulimi wake, likalala, na kutoka ndani yake ikaja harufu ya ndizi iliyoivia motoni, na ya nyasi, na ya jioni moja ya zamani ambayo hakuikumbuka vizuri. Akalimeza bila kulisikia.

"Fanya hivyo," alisema. "Kiache kichoke kwanza, ndiyo umeze."

Akafanya. Uso wake ulijikunja, mikono ikashika magoti, ukungu nyuma yake ukavuta hatua. Mama Kaiza alimtazama koo. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa.

"Mh," alisema Rwechungura. "Kumbe mna ndizi humu."

"Sasa niambie. Beberu."

"Beberu?" Akatabasamu. Naye alikuwa hajasahau. "Kwanza lazima uelewe mvua ya mwaka ule ilivyochelewa."

Mama Kaiza alijua itakuwa hivyo. Akakaa chini kwenye jamvi, akampa kifuniko, akakipokea, akampa tena. Kati ya tone na tone kulikuwa na mvua, na mwenye beberu, na kamba aliyoikata, na shangazi wa mwenye beberu ambaye hakuhusika kabisa. Kila tone lilipumzishwa, na kila lilipopumzika maneno yalipata nafasi. Jua likaja juu ya kilima, jekundu na bila haraka. Ukungu ukaanza kuwa mwepesi. Miguu ya Rwechungura ilikuwa imeshaanza kuonyesha nyasi zilizo nyuma yake hadithi ilipofika kwa walinzi, na magoti ilipofika kwenye jamvi la wazee.

"Wazee wote kimya. Beberu akamtazama Katikiro. Akafungua mdomo..."

"Akasema nini?"

"Akasema, meee."

Mama Kaiza akangoja. "Basi?"

"Ngoja wewe." Kidole kilikuwa juu, kilekile. "Katikiro alikuwa amesinzia. Hakufumbua hata jicho. Akasema, 'Tunamshukuru mjumbe. Ameunga mkono hoja. Apewe jamvi.' Na hoja ikapita."

Mama Kaiza alimwona akilini yule beberu mkongwe, majani yake ya kila kikao, macheuo yake mbele ya taifa. Kicheko kilimtoka tumboni, miaka yote ile ndani yake. Rwechungura naye akacheka. Kicheko kinakula pumzi kama kikohozi, ila chenyewe kinakula kwa adabu. Akaondoka akicheka, magoti, kifua, nyusi zenye umande, na mwisho kabisa kidole. Kifunikoni lilikuwa limebaki tone moja. Mama Kaiza akalimimina pale kigoda kiliposimama, akakaa hapo mpaka migomba iliporudishiwa mashina yake.

Habari kuwa mgeni alikaa mpaka mwisho bila kukohoa zilifika barazani mchana, wajumbe wakiwa wameshika vichwa. Zilijadiliwa kwa sauti ya chini. Ikatolewa hoja kwamba jopo, baada ya utafiti wa muda mrefu na wa kujitolea, limegundua kipimo sahihi cha moshi kuwa kifuniko kimoja, kwa watu wawili. Beberu akafungua mdomo. Hoja ikapita.

Na tangu siku hiyo, watu wenye jambo lao la heshima, wakiwa na kileo kikali, hawakigugumii. Hukitia kwenye kikombe kidogo, wakapokezana, wakakiacha kichoke mdomoni, wakazungumza kati ya tone na tone. Na la mwisho huliacha ardhini, ingawa marehemu siku hizi wamehamia mbali na ruhusa hazitolewi tena. Barazani bado husimuliwa kuwa ni hekima ya jopo. Kilichotokea ni kwamba wazee walikunywa chote.