Matanga ya Bi Mwanakheri Yalivyohamia Kasrini

Hekaya hii aliisimulia kwanza Bi Tatu binti Mshangama, mwaka 1961, wanawake walipokuwa wakichambua mchele wa hitima ya mumewe. Naye aliianza hivi.

Hapo zamani, katika mji wenye visima vingi vya maji ya chumvi na kimoja tu cha maji matamu, alikuwako fukara aitwaye Shaame, mtia viraka vya mikeka. Kisima kile kitamu kilikuwa uani kwa shangazi yake, Bi Mwanakheri. Bibi huyo alipofariki bila mtoto, nyumba ikawa ya Shaame, naye akashukuru, kwani mkewe Kazija alikuwa na mimba ya miezi minane na kibanda chao kilikwisha kulala upande mmoja.

Basi siku ya pili ya matanga, sultani akamwita.

"Shaame, marehemu alininyonyesha nilipokuwa mchanga. Mimi ni mwanawe, na mrithi ni mimi."

Kadhi alikuwapo. Alijua kuwa maziwa hayarithishi, lakini alijua pia anakula kwa nani. Akazitazama kucha zake.

"Umesema, bwana wangu, na mashahidi wamesikia," akajibu Shaame.

"Kesho kabla ya adhuhuri uniletee kila kinachomfikia mrithi katika nyumba ile. Ukibakiza hata kata ya maji, utalala gerezani."

"Hata kisima, bwana?"

"Kisima nitakifuata mwenyewe."

Kazija aliposikia akaangua kilio. "Nitajifungulia wapi mie, mume wangu? Barazani kwa watu?"

"Nyamaza, mke wangu. Tumkabidhi kwanza mwenzetu urithi wake."

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: waliokaa matanga humfuata mfiwa, hulala anapolala, hula kwake, wala hawaondoki mpaka yeye mwenyewe ayaondoe matanga. Kwa Bi Mwanakheri walikuwa watu sitini, na kwa siku mbili tu walikwisha kuimaliza ghala. Shaame akawaeleza kwa upole kwamba mfiwa khasa amepatikana, tena ni mtu mwenye nafasi. Wakakunja mikeka bila kuuliza la pili.

Asubuhi wakaingia kasrini kwa vilio. Mbele alikuwa Bi Mize, kungwi wa mji, asiyeogopa mtu.

"Makiwa, mwanangu!" Akamtazama sultani juu ya kiti chake. "Hee! Mama hajapoa kaburini, nawe umepanda kitini? Shuka! Vua na hicho kilemba cha dhahabu!"

"Shaame, nini hiki?" akauliza sultani.

"Ndicho kinachomfikia mrithi, bwana wangu. Nimewahesabu, hapungui mtu."

Sultani akataka kuita askari; lakini mji mzima ulikuwa mlangoni, na mtawala amfukuzaye mwombolezaji wa mamake hana pa kuuficha uso. Ikawa ameketi mkekani. Usiku akalala sakafuni, kila alipogeuka Bi Mize akimwambia, "Lia, mwanangu, usijizuie." Mchele wa kasri ukapikwa, ukaliwa, ukapikwa tena.

Siku ya tatu tangu waingie kasrini, mgongo ukimuuma, akamvuta Shaame kando.

"Hawa huondoka lini?"

"Kwa shangazi, bwana, ni siku tatu. Kwa mama, na mtoto akiwa wa pekee, ni arobaini."

"Na kama mfiwa si mimi?"

"Basi mrithi si wewe."

Sultani akacheka kicheko cha mtu anayeumwa na kiuno. Akatangaza mbele ya wote kwamba amekumbuka vizuri: aliyemnyonyesha alikuwa bibi mwingine, wa mji mwingine. Kadhi akasema naye ndivyo alivyokuwa akidhani tangu mwanzo. Shaame akapewa magunia manne ya mchele, akayaondoa matanga nyumbani kwa shangazi yake, na mwezi haujaisha Kazija akajifungua humo.

Sultani amekufa, kadhi amekufa, Shaame na Bi Mize wamekufa. Siku Bi Tatu aliposimulia haya, aliyekuwa hai ni Kazija peke yake, kikongwe asiyeona, akikaa katika nyumba ileile.