Jina Juu ya Tao la Mfereji

Sogeeni, mlisikie jambo lililowashinda wazee wa Tumbizi.

Katika mji huo walikuwapo ndugu watatu. Vuai, mkubwa wao, akiitazama ardhi alijua maji yatakimbilia wapi. Mwanakheri, dada yao, alichonga mawe yakashikana bila pengo. Faki, kitindamimba, alikuwa mchoma chokaa.

Mwinyi, mtawala wa mji, akaamuru uchimbwe mfereji mkuu toka mlimani hadi pwani.

Vuai akatembea miezi saba akipigilia vigingi, mpaka akapata njia ambayo maji hayatuami wala hayabomoi. Humo wakachimba.

Mwanakheri akainua kuta, madaraja tisa ya matao, na baraza za mawe pande zote mbili. Wageni walisimama wakashangaa. Lakini masika mawili mfululizo kuta zikaporomoka.

Ndipo Faki akajifungia kibandani penye tanuri lake. Alichanganya chokaa na unga wa matofali, akakosea, akarudia, mpaka ikaganda ndani ya maji. Kuta zikasimama.

Siku ya ufunguzi Vuai alikuwa mlimani akiyafungulia maji. Mwanakheri alilala nyumbani, mguu umevunjwa na jiwe. Mwinyi akauliza darajani, "Kazi hii ni ya nani?"

Faki alitaka kusema "yetu." Akajisikia akisema, "Yangu, Mwinyi."

Vigelegele vikalia. Jina lake likachongwa juu ya tao kubwa la daraja hilo.

Vuai hakumgombeza. Mwanakheri alimuuliza neno moja tu: "Mdogo wangu, siku ile mimi nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, dada."

"Haya."

Tangu hapo Faki alizunguka njia ya mbali asipite chini ya tao. Watu wakimwita Mwenye Mfereji, alishusha kofia usoni. Mwaka ulipotimia, akasimama barazani mbele ya Mwinyi na watu wote.

"Nilisema uongo, Mwinyi. Lifuteni jina langu."

Likafutwa. Mwinyi akasema, "Tao lina nafasi ya jina moja. Liwe la nani?"

"Mwanakheri," akasema Vuai. "Mguu wake haukupona."

"Kaka Vuai," akasema Mwanakheri. "Ningejenga wapi bila njia yake?"

Mzee mmoja akasema, "Na chokaa je? Faki alidanganya, lakini ukuta haukudanganya."

Faki aliinama, asithubutu kuwatazama nduguze.

Mwashi aliyelifuta jina bado amesimama ngazini, tindo mkononi, anawasubiri nyinyi. Mwambieni: achonge jina la nani?